Rasimu, Mhariri na Mpaka: Historia ya Mswada wa Riwaya kutoka Pembe ya Afrika hadi Garissa

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya katika Afrika Mashariki umezoea kuanza pale ambapo kazi ya mwandishi imekwisha. Mhakiki huipokea riwaya ikiwa imekwisha jalidiwa, ina jina la mchapishaji na mwaka wa toleo, naye huanza kuichambua fani na maudhui yake kana kwamba ilizaliwa katika umbo hilo. Kurasa zilizotupwa, sura zilizohamishwa, majina yaliyobadilishwa kwa ushauri wa mhariri au kwa hofu ya serikali, yote hayo huachwa nje ya uchambuzi. Makala haya yanakusudia kurudi nyuma hatua moja na kuitazama riwaya ikiwa bado mikononi mwa mwandishi wake. Yataitazama hasa katika eneo ambalo historia za fasihi ya Kenya zimelitaja kwa nadra: Garissa na Kaskazini Mashariki, pamoja na ulimwengu wa Wasomali ambao eneo hilo ni sehemu yake.

Katika makala haya neno rasimu litatumiwa kwa maana ya andiko ambalo mwenyewe bado ana mamlaka ya kulibadilisha. Mswada ni andiko lililokwisha kukabidhiwa mtu mwingine alisome kwa nia ya kulichapisha. Uhariri ni kazi inayofanyika kati ya viwili hivi. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, lakini ndani yake mna swali ambalo historia ya eneo letu haituruhusu kulikwepa: ni nani anayeishika karatasi wakati maneno bado yanabadilika?

Hujasemwa kwa uchache kuwa Kaskazini Mashariki ni nchi ya mdomo, kwamba watu wake ni wa ushairi na masimulizi, na kwamba ndiyo sababu haijatoa waandishi wengi wa riwaya. Katika orodha ya riwaya za Kiswahili zilizotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya tangu mfumo wa 8-4-4, tunamkuta Said Ahmed Mohamed na Utengano, Ken Walibora na Siku Njema kisha Kidagaa Kimemwozea, Assumpta Matei na Chozi la Heri, Clara Momanyi na Nguu za Jadi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka Garissa, Wajir au Mandera. Kwa maoni yetu, maelezo ya "nchi ya mdomo" hayatoshi. Tutajaribu kuonyesha kwamba kilichokosekana ni ile hatua ya kati, nafasi salama baina ya mdomo na chapa, ambapo andiko laweza kukosea, kusomwa na rafiki, kurekebishwa na kuandikwa upya. Nafasi hiyo ina historia yake, na mara nyingi imevurugwa na watu wenye mamlaka.

2.0 Ushairi Usiovumilia Mhariri

Hatuwezi kuifahamu riwaya ya Wasomali pasipo kuanza na ushairi wao. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, katika kitabu chao cha mwaka 1964 kuhusu ushairi wa Kisomali, walieleza jambo ambalo wenyeji walilijua tangu zamani: shairi zito la Kisomali lina mwenyewe. Mtunzi hulitunga kichwani, pengine kwa siku nyingi, kisha hulitoa. Baada ya hapo walohifadhi wanaolikariri mbele ya watu wanapaswa kumtaja mtunzi na kulitoa neno kwa neno kadiri ya uwezo wao. Anayelibadilisha kwa makusudi hufanya kosa la adabu.

Umbo lenyewe la shairi husaidia kulilinda. Katika tungo za aina ya gabay, sauti moja ya mwanzo wa neno hurudiwa katika kila mstari tangu mwanzo hadi mwisho, na mizani nayo hufuatwa kwa ukali. Neno geni likiingizwa, sikio la msikilizaji hulitambua mara moja. Tunaweza kusema kwamba katika mapokeo haya rasimu ipo, lakini ipo ndani ya kichwa cha mtunzi peke yake. Hakuna mtu wa pili anayeiona. Likishatoka, shairi ni kauli. Na kauli haihaririwi, hujibiwa kwa shairi jingine.

Hali hii ni tofauti na ile ya jirani zetu wa kusini mashariki. Katika Lamu, ambayo imepakana na nchi ya Ijara, tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kupita mikononi mwa wanakili. Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi na kuwapatia wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens. Nakala za utenzi mmoja hutofautiana, beti huongezeka au kupungua, na mwanakili mara nyingine huwa mhariri bila kujiita hivyo. Kwa hiyo Mswahili wa pwani alikuwa amezoea karne nyingi kuona andiko likipita katika mikono ya pili na ya tatu. Mfugaji wa Garissa hakuwa na mazoea hayo. Kwake, mtu anayegusa maneno ya mwenzake hana budi kueleza kwa nini.

Tofauti hii si ya ubora, ni ya desturi. Lakini ina maana kubwa kwa riwaya, kwa sababu riwaya ni utanzu ambao haukamiliki bila mikono ya pili. Ni ndefu kupita kiasi cha kuhifadhiwa kichwani, na mwandishi wake hulazimika kuirudia kurasa kwa kurasa, akimhitaji mtu wa kumwambia kwamba sura ya tatu inakanusha sura ya kwanza.

3.0 Hati ya 1972 na Riwaya Mbili

Mnamo Oktoba 1972 serikali ya Somalia ilitangaza hati rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini. Kabla ya hapo kulikuwa na ushindani wa muda mrefu baina ya hati ya Kiarabu, ya Kilatini na ile ya Osmania iliyobuniwa na Wasomali wenyewe. Uamuzi ule uliifungulia lugha mlango wa riwaya, na kwa muda wa miaka miwili tu tunakutana na visa viwili ambavyo vinafaa kuwekwa sambamba.

Kisa cha kwanza ni cha Faarax M. J. Cawl, ambaye riwaya yake Aqoondarro waa u nacab jacayl ilichapishwa Mogadishu mwaka 1974 na baadaye ikatafsiriwa kwa Kiingereza na Andrzejewski mwaka 1982. Ni hadithi ya mapenzi ya zama za Madarwishi, na imejaa mashairi. Cawl alilitatua tatizo la rasimu kwa njia ya busara. Aliacha ushairi usimame katikati ya nathari kama nguzo, kisha akajenga masimulizi kuuzunguka. Maneno ya mashairi yalibaki na uzito wa kauli. Nathari ikapewa uhuru wa kurekebishwa. Maudhui yake nayo yanahusu karatasi, kwani barua ya mapenzi inamfikia mtu asiyejua kusoma, na msiba unaanzia hapo. Riwaya hii ilikwenda sambamba na kampeni ya kisomo iliyoendeshwa na serikali wakati ule, na kwa sababu hiyo ilipokewa vyema.

Kisa cha pili ni cha Nuruddin Farah. Farah alizaliwa Baidoa mwaka 1945 na kukulia Kallafo katika Ogaden, mama yake akiwa mtunzi wa mashairi ya mdomo. Shuleni alijifunza Kiarabu, Kiamhari na Kiingereza. Kisomali, lugha ya mama yake, hakikuwa na hati ya kufundishiwa. Alipoanza kuandika alichagua Kiingereza, na katika mahojiano ameeleza kwamba taipureta aliyoipata ilichangia uamuzi huo. Wahakiki wengi hulipita jambo hili haraka kana kwamba ni mzaha. Sisi twaliona kuwa ushahidi wa kihistoria. Rasimu inahitaji chombo, na chombo hakikubali kila lugha. Alipokuwa mwanafunzi Chandigarh nchini India aliandika From a Crooked Rib, hadithi ya Ebla, msichana anayekimbia ndoa ya mzee, nayo ikatolewa na Heinemann mwaka 1970.

Baada ya hati ya 1972 Farah alirudi katika Kisomali. Mwaka 1973 alianza kuchapisha riwaya kwa mfululizo katika gazeti mjini Mogadishu. Wadhibiti waliusimamisha mfululizo huo kabla haujaisha. Hapa msomaji azingatie kilichotokea. Riwaya ya mfululizo gazetini ni rasimu inayosomwa hadharani, kwani mwandishi huwa bado anaandika sura ya kesho wakati ya leo imekwisha uzwa. Serikali ilipoikata, ilimnyang'anya mwandishi mwisho wa hadithi kabla hajauandika. Mwaka uliofuata aliondoka nchini. Mwaka 1976, baada ya kutoka kwa A Naked Needle, alikuwa Rome akijiandaa kurejea. Alipompigia simu kaka yake aje kumpokea, aliambiwa aisahau Somalia. Hakuikanyaga tena hadi mwaka 1996.

Cawl na Farah waliandika katika mji mmoja, kwa hati moja, chini ya serikali moja. Mmoja aliweza kuimaliza rasimu yake ya Kisomali na mwingine hakuweza. Kilichowatenganisha kilikuwa idhini ya mwenye gazeti na serikali iliyokuwa nyuma yake, na idhini hiyo ndiyo iliyoamua kwamba mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kisomali aandike maisha yake yote kwa Kiingereza, katika miji ya watu wengine.

4.0 Karatasi za Marehemu

Farah hakuliacha jambo hili lipotee. Sweet and Sour Milk ya mwaka 1979, riwaya ya kwanza katika utatu wake kuhusu udikteta, yaweza kusomwa yote kama riwaya inayohusu mswada. Soyaan, kijana mtumishi wa serikali, anakufa ghafla. Pacha wake Loyaan anaanza kutafuta karatasi alizoziacha, ambazo ndani yake mna waraka wa kuushtaki utawala. Serikali nayo inamgeuza marehemu kuwa shujaa wake na kumzulia maneno ya mwisho ya kumsifu Jenerali, maneno ambayo hakuyasema kamwe.

Huu ni uhariri uliofikia kilele chake. Marehemu hawezi kukataa masahihisho. Loyaan anayo kumbukumbu ya ndugu yake lakini hana karatasi. Serikali haina kumbukumbu lakini inayo magazeti na redio. Katika mapokeo ya ushairi tuliyoyataja, anayembadilishia mtunzi maneno hupingwa na wasikilizaji wanaolijua shairi. Katika dola ya Jenerali, wasikilizaji wapo na wanajua, lakini hawathubutu.

Farah anakwenda mbali zaidi. Anaonyesha kwamba utawala wenyewe umeuteka mdomo. Majasusi wake wengi hawajui kusoma. Huja wakasimulia walichosikia, watu hukamatwa, wala haibaki hati yoyote ya kuulizia. Sifa zile zile tunazozisherehekea tunapofundisha fasihi simulizi, yaani kumbukumbu kali na kutotegemea karatasi, zimefanywa silaha ya usalama wa taifa. Mhakiki anayeipenda fasihi simulizi hana budi kulikabili jambo hili kwa uaminifu. Karatasi inaweza kumtia mwandishi hatarini, lakini kukosekana kwa karatasi kunaweza kumlinda mwuaji.

Kenya ina mfano wake unaofanana. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alizuiliwa bila mashtaka tangu mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978. Katika gereza la Kamiti aliandika rasimu ya Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za msalani. Rasimu hiyo ilinyakuliwa katika msako, kisha ikarudishwa baadaye. Kwa muda ule, mhariri pekee wa riwaya ile ya Kikuyu alikuwa afisa wa magereza. Ilichapishwa mwaka 1980, na toleo la Kiswahili, Shetani Msalabani, likafuata mwaka 1982. Tunakitaja kisa hiki, ambacho wasomaji wetu wanakijua, ili ionekane kwamba rasimu kushikwa na dola hakukuwa msiba wa Mogadishu peke yake.

5.0 Mkono wa Mhariri wa Kiswahili

Je, Kiswahili kilimpa mwandishi nafasi bora zaidi? Jibu linahitaji uangalifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya Makoloni, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miongoni mwa kazi za Kamati ilikuwa kusoma miswada na kuidhinisha lugha ya vitabu vya shule. Kwa hiyo, tangu utoto wake, kitabu cha Kiswahili sanifu kilipita katika mkono uliokuwa na mamlaka ya kusema hiki ni Kiswahili na hiki sicho. Mkono huo ulifanya kazi kubwa ya kusawazisha tahajia, nasi tunaandika leo kwa matunda yake. Lakini pia uliwazoesha waandishi kuamini kwamba mhariri ni mtu wa kusafisha lugha. Mhariri wa kujadiliana naye juu ya sura, sauti na muundo alichelewa kuja.

Shaaban Robert mwenyewe, ambaye hakuna anayeuhoji umilisi wake, alifariki mwaka 1962 akiacha kazi zilizochapishwa baadaye. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwandishi akiwa kaburini. Barua zake za kati ya 1931 na 1958 kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa mwaka 2002, zinatupa nafasi ya kumwona mwandishi katika maisha ya kila siku. Ni hazina ambayo historia ya riwaya inaihitaji: ushahidi wa mwandishi akiwa kazini. Laiti kila mwandishi wetu angeacha barua za namna hiyo.

Njia nyingine ilikuwa mashindano. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki la 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Shindano humpa mwandishi asiyejulikana mlango. Hata hivyo humtaka alete kazi iliyokwisha kamilika. Halimfundishi kuandika upya.

6.0 Garissa: Lugha ya Kizuizini

Sasa tuingie Garissa yenyewe. Mji huu ulio kando ya Mto Tana ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013. Kabla ya uhuru eneo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo sheria za kikoloni, kama ile ya mwaka 1902 na ile ya mwaka 1934, ziliitenga na nchi nyingine. Nyota yenye ncha tano katika bendera ya Somalia ilimaanisha nchi tano za Wasomali, na mojawapo ya ncha hizo ilikuwa hapa. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, ilitangazwa hali ya hatari iliyoendelea hadi mwaka 1991.

Katika vita vya 1963 hadi 1967 lilienea neno moja ambalo mhakiki wa fasihi anapaswa kulichunguza: shifta. Neno hili, lenye asili ya Kiamhari na maana ya jambazi, lilitumiwa na serikali kuwaita watu waliokuwa na dai la kisiasa, yaani kujitenga na kuungana na Somalia. Mtu anaweza kulikataa dai hilo na bado akaona kwamba palifanyika uhariri. Dai lilifutwa, ujambazi ukaandikwa mahali pake, na neno likaingia katika Kiswahili cha magazeti na mabaraza hadi likasahauliwa kuwa lilichaguliwa.

Kiswahili chenyewe kiliwafikia wengi wa eneo hili kikiwa kimevaa sare. Kilikuwa lugha ya askari wa KAR, kisha ya polisi na jeshi, kabla ya kuwa lugha ya darasa na soko. Kuanzia mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walilazimishwa kuhakikiwa uraia wao na kubeba kadi za waridi. Ndiyo maana kijana wa Garissa anayeamua kuandika riwaya kwa Kiswahili anaichukua lugha ya kizuizi cha barabarani na kuitaka imsimulie bibi yake. Ni uamuzi wa ujasiri ambao haujapewa heshima inayostahili.

Riwaya ya Farah iitwayo Maps, ya mwaka 1986, inatusaidia hapa ingawa inahusu Ogaden. Askar, yatima aliyelelewa na Misra, mwanamke asiyekuwa Msomali, anasimulia maisha yake kwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa zamu, kana kwamba sura zote ni rasimu za hadithi moja isiyopata sauti yake. Mwishoni tunagundua kwamba masimulizi yalianzia mbele ya polisi aliyemwuliza jina. Taarifa ya polisi ndiyo rasimu ya kwanza. Riwaya ni jitihada ya kuiandika upya taarifa hiyo mpaka iwe mali ya msimulizi. Hatujui mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi wa Kaskazini Mashariki maana ya kuandika upya.

Woga nao umechelewesha maandiko. Mauaji ya Wagalla katika Wajir yalitokea Februari 1984. Serikali hapo mwanzo ilitaja watu 57, ilhali walionusurika walitaja idadi kubwa zaidi kwa mbali. Kitabu cha S. Abdi Sheikh, Blood on the Runway, kilitoka mwaka 2007, miaka 23 baadaye, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja mwaka 2013. Katika miaka hiyo yote simulizi ziliishi katika hali ya rasimu ya kichwani: zilijulikana, zilikaririwa nyumbani, lakini hazikuwa na mahali pa kusahihishwa kwa kulinganishwa na simulizi nyingine. Bulla Karatasi ya Garissa, ya Novemba 1980, ina historia inayofanana. Jina la mtaa ule lina neno karatasi ndani yake, na karatasi ndiyo iliyokosekana.

Yapo pia matatizo madogo ya mezani kwa mhariri, ambayo si madogo. Chukua majina. Hati ya 1972 huandika Cabdi, Xaliima, Faarax. Wasomali wa Kenya, kwa kuwa vitambulisho vyao viliandikwa na makarani wa Kenya, huandika Abdi, Halima, Farah. Mwandishi wa Garissa akiandika Xaliima, mhariri wa Nairobi atadhani ni kosa la chapa. Akiandika Halima, msomaji wa Kismayu atajua kwamba mwandishi ni wa ng'ambo hii ya mpaka. Mpaka umo ndani ya herufi moja.

Chukua tena ngamia. Kisomali hutofautisha awr, dume la kubebea mizigo, hal, jike, qaalin, jike changa, na nirig, ndama aliyezaliwa karibuni. Kiswahili kinalo neno moja, ngamia, na kwa hayo mengine hutumia maelezo. Mhariri mwenye nia njema ataandika "ngamia jike mchanga" na kuona amefanya kazi yake. Lakini katika hadithi ya ukame, qaalin aliyekufa ni maziwa ya miaka ijayo yaliyokufa, na msomaji asipolijua hilo ameikosa huzuni yote. Pendekezo letu ni kwamba neno liachwe lilivyo na muktadha ulifafanue, kama vile waandishi wa pwani walivyoachiwa majina ya majahazi na ya pepo bila kuulizwa.

7.0 Hitimisho

Mwaka 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, vitabu vikibebwa katika masanduku hadi kwenye makazi ya wafugaji. Ilikuwa huduma njema, iliyowafikia watoto ambao gari halingewafikia, na hata mwandishi wa Marekani, Masha Hamilton, aliipatia riwaya mwaka 2007. Lakini vitabu vile vilifika vimekamilika, kutoka mbali. Mtoto aliyevisoma hakuona hata kimoja kilichofutwafutwa. Angewezaje kujua kwamba kitabu ni kitu ambacho mtu kama yeye hukikosea kwanza?

Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopoteza watu 148 katika shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 na kufunguliwa tena mwaka uliofuata, kilipata hati yake ya kujitegemea mwaka 2017. Kwa taasisi kama hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kozi za riwaya zifundishe rasimu pamoja na vitabu: barua za Shaaban Robert, kisa cha mfululizo wa Farah uliokatwa, karatasi za Kamiti. Pili, rasimu za wanafunzi zisomwe kwa sauti mbele ya wasikilizaji wanaojua Kisomali na Kiswahili, kwa kuwa mapokeo yetu yana masikio makali na ingekuwa hasara kuyaacha nje ya uhariri. Tatu, vyuo vihifadhi miswada, hata ile iliyokataliwa, maana mwanahistoria wa kesho ataihitaji.

Mtunzi wa gabay alilindwa na kanuni kwamba hakuna anayegusa maneno yake bila idhini. Riwaya haiwezi kuishi kwa kanuni hiyo ilivyo, lakini inaweza kurithi kiini chake: mhariri apendekeze, mwandishi aamue. Historia tuliyoipitia inaonyesha gharama ya kinyume chake. Pale mwingine alipoamua, Farah aliipoteza riwaya ya lugha ya mama yake, Soyaan wa kubuniwa akavalishwa maneno ya Jenerali, na dai la watu wa Kaskazini Mashariki likaitwa ujambazi. Kazi ya kuandika upya inawangoja waandishi wa Garissa, na kazi ya kuwasoma wakiwa bado wanaandika inatungoja sisi walimu na wahariri.